Uwekevu Katika Chumba Kimoja

Lugha ya Kiswahili ina neno ambalo vijana wa siku hizi hulisikia kwa nadra, nalo ni uwekevu. Mwekevu ni mtu asiyefuja alicho nacho. Hutumia kwa kadiri na kubakiza cha kesho. Si bahili, kwa maana bahili huwanyima walio chini yake hata kile ambacho ni haki yao. Wala si mbadhirifu, kwa maana mbadhirifu hula leo chakula cha kesho, na kesho hubisha mlango wa jirani. Lakini linalonipendeza zaidi katika neno hili ni asili yake. Limetoka katika kitendo cha kuweka. Waliotuachia lugha hii waliitazama sifa ya kutunza mali, wakaona kwamba mwanzo wake si wingi wa fedha bali ni mkono unaotua kitu mahali pake. Hivyo mtu asiye na shilingi ya kupeleka benki aweza kuwa mwekevu, na mwenye kabati la mvule lililojaa hadi mlangoni aweza kuwa hajui uwekevu ni nini.

Nauliza basi: je, kupanga vitu vya nyumbani ni jambo la wema na ubaya, au ni jambo la urembo tu, kama kupaka ukuta rangi? Watu wengi, hasa wanaume, watajibu kuwa ni urembo, tena urembo unaowahusu wanawake. Jibu hilo ni rahisi kulitoa katika nyumba yenye vyumba vitano na mtumishi mmoja. Lakini swali la wema na ubaya halipimwi mahali palipo na nafasi. Hupimwa mahali palipobana. Kwa hiyo natwaa chumba kimoja cha kupanga katika mitaa ya Naivasha, nikijaribu swali langu humo. (Na tazama jinsi lugha yetu ilivyo na hekima: mtu hupanga chumba kwa kumlipa mwenye nyumba kodi, kisha hupanga chumba kwa mikono yake. Kupanga kwa kwanza hufanywa mara moja kwa mwezi. Kwa pili hakuna siku kusikodaiwa.)

Naivasha iko ndani ya Bonde la Ufa, kiasi cha mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, kando ya ziwa la maji matamu. Tangu kilimo cha maua kilipoanza kukua kando ya ziwa hilo katika miaka ya 1970, watu wamekuja kutoka pande nyingi za Kenya kutafuta kazi katika mashamba, nao wakajaza mitaa kama Karagita, Kasarani na Kwa Muhia. Nyumba nyingi za mitaa hiyo ni safu za vyumba vilivyounganishwa, kila kimoja yapata futi kumi kwa kumi, bafu na choo vikiwa vya wote. Tuseme katika chumba kimoja wamo watu sita: baba ambaye ni askari wa usiku, mama anayefanya kazi katika jumba la kufungia maua, watoto watatu wanaosoma, na mdogo wake mama aliyekuja kutafuta kazi na bado hajaipata. Baba hurudi asubuhi akalala mchana. Mama huondoka kabla ya jua kuchomoza ili asiachwe na basi la shamba. Watoto huingia na kutoka. Hakuna saa ambayo chumba hicho hakina mtu anayelala au mtu anayejiandaa kuondoka.

Mama huyo hushinda wapi? Hushinda mahali penye mpango kupita kiasi. Waridi lililokatwa alfajiri hupimwa urefu wa shina lake kwa sentimita. La arobaini haliwekwi pamoja na la hamsini, wala la hamsini pamoja na la sitini. Kila fungu lina ndoo yake, kila ndoo ina mahali pake katika chumba cha baridi, na lori lina saa yake ya kuondoka kwenda uwanja wa ndege wa Nairobi, ili maua yafike Ulaya yakiwa bado hayajafunua petali zake. Katika majuma yanayotangulia tarehe 14 Februari, sikukuu ya wapendanao, kazi huongezeka na saa za kurudi nyumbani huchelewa. Ua ambalo litakauka baada ya siku kumi limeandaliwa mahali tangu kukatwa mpaka kuuzwa. Kisha mama hurudi nyumbani usiku, akamkuta mtoto wake wa darasa la saba anatafuta daftari la hesabu chini ya kitanda, kati ya sufuria na viatu. Silaumu maua kwa hayo, wala simlaumu mama. Nasema tu kwamba mikono inayojua kupanga imo humo chumbani. Kilichopungua ni nguvu na saa, kwa sababu vimekwisha kununuliwa na mwingine.

Tuifanye hesabu ya daftari hilo. Kama watu wa nyumba hiyo hupoteza robo saa kila siku kwa kutafuta kiberiti, soksi, ufunguo na kalamu, kwa siku sita za juma, basi kwa mwaka hupoteza saa 78, yaani zaidi ya siku tatu mchana na usiku. Mtu mwenye nafasi aweza kucheka hesabu hii. Lakini swali halimo katika jumla; limo katika kujua ni nani aliyezitoa saa hizo. Baba hakuzitoa, kwa kuwa amelala na hapaswi kuamshwa. Kaka mkubwa hakuzitoa, kwa kuwa akikosa kitu huita jina la dada yake. Aghalabu zilitoka kwa binti, ambaye ndiye ramani ya nyumba: yeye peke yake ajua chumvi iko wapi, na kila asiyejua humwita yeye, hata akiwa ameinamia kitabu. Nyumba isiyo na mpango haikosi kabisa mpango. Imeuweka mpango wote katika kichwa cha mtu mmoja, tena bila kumwuliza kama ana nafasi.

Hapa ndipo jambo la urembo linapogeuka kuwa jambo la haki. Kitu kikiwa na mahali panapojulikana na wote, basi wote wanaweza kukifuata na wote wanaweza kukirudisha. Kisipokuwa na mahali, mmoja hufanywa mtumwa wa kumbukumbu yake. Mkorofi aweza kusema: mbona basi tusimwachie yeye aliyezoea? Namjibu kwamba mazoea hayajawahi kuwa mkataba. Punda naye amezoea kubeba.

Mgiriki Xenophon, aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliandika kitabu kizima juu ya uendeshaji wa nyumba. Ndani yake mtu mmoja asimulia jinsi alivyoingia katika merikebu kubwa ya Wafoinike, akastaajabu kuona kamba, matanga na vyombo vingi vimewekwa katika nafasi ndogo bila kimoja kuzuia kingine. Akamkuta baharia anavikagua wakati bahari imetulia, akamwuliza sababu. Baharia akamjulisha kwamba dhoruba ikija hapana nafasi ya kutafuta kilichopotea. Watu wa pwani yetu hawahitaji kufundishwa na Mgiriki jambo hilo, maana kila aliyesafiri katika jahazi ameliona. Mimi nalitaja kwa sababu nyingine. Jina la elimu ya uchumi katika lugha nyingi za Ulaya limetokana na maneno ya Kigiriki ya kuendesha nyumba, kama vile uwekevu wetu ulivyotokana na kuweka. Mataifa mawili yasiyojuana yaliona mali kwa mlango mmoja.

Dhoruba ya Naivasha si hadithi ya baharini. Mwaka 2020 maji ya ziwa yalipanda yakaingia katika nyumba za mtaa wa Kihoto, watu wakahama. Na mwaka 2025 yakarudi tena mtaani humo. Mtu anapoondoka nyumbani maji yakiwa magotini, hachukui alichokipenda, huchukua alichokiona. Vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki za watoto na vyeti vya shule, vikiwa pamoja katika mfuko mmoja usiopenya maji na ukining'inia kwenye msumari mmoja juu ya mlango, huokolewa na yeyote atakayetangulia kufika, hata mtoto. Vikiwa kimoja chini ya godoro, kingine ndani ya Biblia au msahafu, na kingine kwa shangazi, havitaokolewa hata na mwenye nguvu. Mfuko huo hauna bei kubwa, wala msumari.

Kisha yako maji ya mitungi. Maji ya visima vingi vya Naivasha yana floridi kupita kiasi cha miligramu 1.5 kwa lita ambacho Shirika la Afya Duniani limekiweka kuwa mpaka. Mtoto anayeyanywa miaka mingi wakati meno yake yanakua huota meno yenye madoa ya kahawia, nayo hayatoki kwa mswaki. Wengi hudhani kuchemsha kutasaidia; la, mvuke huondoka na floridi hubaki. Kwa hiyo familia nyingi huwa na maji ya namna mbili: ya kuogea na kufulia, na ya kunywa yaliyosafishwa, ambayo hununuliwa kwa bei ya juu zaidi. Mitungi yenyewe ni ile ile ya manjano ya lita 20, yote ikifanana kama mapacha. Kamba nyekundu iliyofungwa kwenye mkono wa mtungi mmoja, na desturi kwamba mtungi huo hukaa upande wa kitanda na ule mwingine upande wa mlango, ni mpango usiogharimu chochote; lakini usipokuwapo, fedha za maji safi zitatumika kuosha miguu, na maji ya kisima yatatiwa katika kikombe cha mtoto. Ni vivyo hivyo kwa mafuta ya taa ndani ya chupa ya soda, ambayo mtoto mwenye kiu hawezi kuitambua, na kwa jiko la makaa linaloingizwa ndani usiku wa baridi na mlango kufungwa. Jiko hilo mahali pake ni nje mpaka moto ufe, nalo likikosewa mahali haliombi radhi. Hewa yake yenye sumu huua watu usingizini. Baada ya hayo sijui ni nani atakayesema kwamba kuweka vitu mahali pake ni urembo.

Lakini nafasi itoke wapi? Kitu ki mahali pake kama mahali papo, na futi kumi kwa kumi hazinyooki. Yako mashauri mengi ya kupanga nyumba ambayo huanza kwa kumwambia mtu anunue: anunue masanduku ya plastiki, rafu za chuma, vikapu vya namna saba. Mashauri hayo humtibu mtu aliyelemewa na vitu kwa kumwongezea vitu. Mwekevu huanza upande wa pili. Huuliza kwanza kipi kitoke.

Jina la Naivasha lenyewe limetokana na neno la Kimasai, Enaiposha, lenye maana ya maji yenye mawimbi. Wamasai walilisha mifugo yao kando ya ziwa hili mpaka mapatano ya mwaka 1904 yalipowaondoa ili kuwapisha walowezi. Walikuwa watu wa kuhama, na wanawake ndio waliojenga nyumba. Siku ya kuondoka, vibuyu vya maziwa, ngozi za kulalia na vitu vingine vya nyumbani vilipakiwa juu ya punda. Watu wa kukaa huwaona wahamaji kuwa maskini wa vyombo. Mimi naona walikuwa na mizani ambayo sisi tumeipoteza, kwa kuwa kila chombo chao kilipimwa kwa mgongo wa mnyama aliye hai.

Chumba cha Karagita nacho kina mizani yake, ijapokuwa haionekani. Humo kila kitu kimelala mahali ambapo mtu angelala. Redio iliyokufa miaka mitatu iliyopita, inayongojea fundi, imechukua nafasi ya kichwa cha mtoto. Sanduku la nguo ambazo hazimtoshi mtu yeyote limechukua nafasi ya miguu yake. Na chombo kikubwa kuliko vyote, ambacho nakitaja kwa hofu maana kinapendwa sana, ni seti ya makochi. Katika vyumba vingi vya kupanga utaona makochi matatu makubwa yenye vitambaa vilivyofumwa kwa mkono, meza katikati, na njia nyembamba ya kupita kwa ubavu. Makochi yale yamenunuliwa kwa kuweka akiba ya miezi mingi, na yamewekwa kwa ajili ya mgeni. Mgeni huja mara mbili kwa mwezi. Mtoto hulala kati ya meza na mlango kila siku.

Nafahamu kwa nini iko hivyo. Mtu anayefanya kazi ya kuamriwa kutwa nzima anataka mahali ambapo yeye ndiye anayesema karibu, na heshima hiyo si kitu cha kudharau. Hata matajiri wa zamani wa Lamu walikuwa nayo: katika nyumba zao za mawe walijenga zidaka, vishubaka vya chokaa vilivyopangwa ukutani safu juu ya safu, wakatia humo vyombo vya kauri vilivyotoka ng'ambo, ili mgeni aone. Lakini pwani hiyo hiyo palikuwa na chombo kingine ambacho mgeni hakuonyeshwa, nacho ni susu, wavu wa kamba uliotundikwa darini ukabeba chakula kisifikiwe na panya wala sisimizi. Kidaka hupangwa kwa ajili ya macho, susu kwa ajili ya tumbo la mtoto. Nyumba yenye nafasi yaweza kuwa na vyote viwili. Nyumba isiyo na nafasi itachagua, na ikichagua kidaka, basi yapasa itambue ni nani aliyelipa gharama.

Mwekevu wa chumba kimoja hutazama juu kama mwenye susu alivyotazama juu. Sakafu ni ya watu. Kuta na paa ni za vitu. Gunia safi lililoshonewa mifuko na kutundikwa nyuma ya mlango hubeba madaftari, kila mtoto mfuko wake. Kamba iliyovutwa chini ya paa hubeba sare za shule. Mtungi uliopasuka, ukikatwa ubavuni, huwa chombo cha kuwekea viatu au vitunguu. Kasha la mbao la matunda likipigiliwa ukutani huwa rafu. Kiberiti hukaa mahali pamoja, mkono wa kulia wa mlango, usiku na mchana. Hayo yote hayafiki bei ya mguu mmoja wa kochi. Na anayekirudisha kiberiti saa nne za usiku hafanyi hivyo kwa ajili yake. Anamfanyia adabu yule atakayenyoosha mkono gizani saa kumi za alfajiri, asimwamshe mtu yeyote. Ni adabu ya ajabu, kwa kuwa anayetendewa hayupo kushukuru.

Wahenga walisema akiba haiozi. Naomba ruhusa ya kuwaongezea neno: akiba iliyosahauliwa huoza. Maharagwe yaliyonunuliwa kwa bei nafuu wakati wa mavuno, yakatiwa nyuma ya mengine, huliwa na wadudu. Na unga hununuliwa mara mbili kwa sababu wa kwanza haukuonekana.

Sasa napenda kujitenga na watu fulani wanaoweza kuyashangilia maneno yangu. Wapo wasemao kwamba maskini ni maskini kwa kuwa hana mpango. Angepanga vizuri sufuria zake angetajirika. Huo ni uongo, tena uongo unaowapendeza walipaji wa mishahara na wenye majumba ya kodi. Msumari hauongezi ujira, na gunia lenye mifuko halipunguzi kodi ya nyumba. Futi kumi kwa kumi kwa watu sita ni dhuluma hata zikipangwa kama merikebu ya Wafoinike. Mpango mwema huyagawa kwa haki yaliyopo. Hauumbi yasiyokuwapo, wala haumwondolei mtu sababu ya kuyadai.

Limebaki jambo moja ambalo wazee hulisahau katika kupanga, nalo ndilo ambalo vijana hulihisi zaidi. Katika chumba cha wote, je, mtu ana haki ya kuwa na mahali pake peke yake? Mama atasema: nyumba hii yote ni yako, wataka nini tena? Kusema hivyo ni upendo, lakini si jibu. Msichana wa miaka kumi na minne anayebadilisha nguo nyuma ya pazia la kitanda, anayesoma katikati ya mazungumzo ya watu watano, hana mlango hata mmoja wa kufunga. Mpeni basi katoni moja, imwekwe juu ya rafu au chini ya kitanda, ambayo baba haifungui, mama haifungui, wala ndugu zake hawaifungui bila ruhusa yake. Hata kama ndani mna kitana, barua mbili na kanga ya nyanya yake, na hata kama kila mtu chumbani anajua kilichomo, iachwe imefungwa mpaka yeye mwenyewe aifunue.